Paka na Mbwa katika Desturi za Mkokoni

Mkokoni, kijiji cha Wabajuni kilicho ukingoni mwa bara, kikielekeana na kisiwa cha Kiwayu, ni mahali ambapo riziki hutoka baharini, na palipo samaki, nyavu na nafaka panya hakosekani, wala penye panya hakosekani paka. Matunzo yake ya kale hayakuhitaji sabuni wala kitana: hujilamba mwenyewe, hula matumbo ya samaki ufuoni, kisha huota jua juu ya ukuta. Lakini nyuma ya uhuru huo ipo sharia. Madhehebu ya Shafii, yaliyotamalaki pwani, humhesabu paka kuwa twahara, na sahaba Abu Hurayra, ambaye lakabu yake maana yake ni baba wa kijipaka, ni hoja njema ya kumkanya mtoto anayemtesa.

Mbwa ana mambo mengine. Chombo alichokiramba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Basi akawekwa nje, na asiyekaribishwa ndani ni nani atakayemwogesha au kumtoa kupe? Hapo, kwa maoni yangu, tulizidisha, kwani sharia ilitahadhari na mate, haikukataza rehema. Khatari kubwa ya mbwa ni kichaa, ambacho hakikupata chanjo ya mwanadamu hata Louis Pasteur alipomdunga mtoto mmoja mwaka 1885. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kukikomesha ifikapo 2030. Mwenye mbwa, mchanje kila mwaka, usingoje aume mtu.