Pampu Saidizi ya Moyo

Madaktari wa Lubumbashi husoma na kuandika kwa Kifaransa. Kwenye faili la mgonjwa wataandika "cardiomyopathie du péri-partum", na wakifika kwenye matibabu ya ngazi ya juu kabisa, vitabu vyao vinasema "assistance circulatoire mécanique", yaani mashine ya kuusaidia moyo kusukuma damu. Halafu wanaingia mume, mama mkwe na dada wa mgonjwa kutoka mitaa ya Katuba au Ruashi, na yote hayo yanatakiwa yaelezwe kwa Kiswahili kabla saa ya kuona wagonjwa haijaisha.

Tuanze na ugonjwa, maana jina la mashine linautegemea. Mwanamke ambaye hajawahi kuugua moyo anafikia mwisho wa ujauzito, au ameshajifungua, na misuli ya moyo wake inalegea. Moyo wenye afya, kwa kila pigo, hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyojaa kwenye chumba chake cha kushoto. Hapa kiasi hicho kinashuka chini ya asilimia 45, na sababu nyingine haionekani. Miguu inavimba, pumzi inakata, na usiku analala ameketi kwa sababu akijinyoosha chali anahisi anazama. Lakini mjamzito gani wa miezi tisa asiyevimba miguu? Na aliyejifungua juzi nani atamshangaa kwa kuchoka? Ndiyo maana wengi hucheleweshwa kupimwa moyo kwa eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti.

Huandikwa mara nyingi kwamba huu ni "moyo kushindwa kwa sababu ya ujauzito". Siafiki. Wengi wa wagonjwa hawa hugunduliwa baada ya kujifungua, na ufafanuzi wa mwaka 1971 uliotumika kwa miongo mingi ulihesabu tangu mwezi wa mwisho wa mimba hadi mwezi wa 5 baada ya kuzaa. Mama mwenye kichanga mkononi akiambiwa ana ugonjwa wa ujauzito atauliza, tena kwa haki, ujauzito upi. "Arobaini" ya watu wa pwani nayo inaishia mapema mno. "Uzazi" ndilo neno linalochukua mimba, kujifungua na miezi inayofuata. Basi tuseme ugonjwa wa misuli ya moyo wa uzazi. Ni refu, lakini halidanganyi.

Wala si ugonjwa wa vitabuni tu. Kaskazini mwa Nigeria umewahi kukadiriwa kumpata mama 1 katika kila 100 wanaojifungua. Haiti, 1 katika 300. Afrika Kusini, 1 katika 1,000. Utafiti uliotangazwa mwaka 2012 kuhusu wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uliukuta kwa karibu asilimia 8 yao.

Sasa mashine. Magazetini, kifaa chochote kinachosukuma damu huitwa "moyo bandia". Jina linavutia, na kwa wagonjwa hawa ni kosa kubwa. Moyo bandia wa kweli huwekwa baada ya sehemu kubwa ya moyo wenyewe kukatwa na kutolewa. Pampu tunayoizungumzia haiuondoi moyo. Mrija wake huingizwa kwenye ncha ya chumba cha kushoto, unachukua damu na kuipeleka kwenye mshipa mkuu, na moyo unabaki palepale ukiendelea kupiga kwa nguvu zake chache.

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa pampu. Pale kwenye mgodi wa Kipushi, mwaka 2011, pampu kuu iliyokuwa kwenye kina cha mita 1,200 iliharibika na maji yakapanda mgodini zaidi ya mita 300. Hakuna aliyesema mgodi umekufa; zilishushwa pampu nyingine, maji yakarudishwa chini, na mwaka 2024 uzalishaji ukaanza tena. Mapafu ya mama huyu yanajaa maji kwa namna hiyohiyo, na pampu inashushwa ili moyo upate nafasi.

Nafasi ya nini? Ya kupona, na hapa ndipo jina linapokuwa na uzito. Katika daftari la kimataifa la wanawake 739 wenye ugonjwa huu, asilimia 46 mioyo yao ilikuwa imerudi katika hali nzuri baada ya miezi 6. Marekani, katika kundi la wanawake 100, asilimia 72 walikuwa wamepona baada ya mwaka. Ukiiambia familia kwamba binti yao amewekewa moyo bandia, umeshauzika moyo ambao huenda ungeamka. Kwa hiyo napendekeza pampu saidizi ya moyo. Madaktari huiweka kwa nia tatu, na zote zinasemeka bila kuazima kitu: pampu ya kusubiri nafuu, pampu ya kusubiri moyo wa mtu mwingine, na pampu ya kubaki nayo. Vifaa vya siku chache tu, kama puto linalojazwa na kutolewa gesi ndani ya mshipa mkuu, au mashine inayotoa damu nje ya mwili kuitia oksijeni, mara nyingi vinaingia kwenye kundi la kwanza.

Ila kuna "roho". Huku Katanga wengi wakitaja kiungo hiki husema roho. Mtu wa Dar es Salaam akisikia "pampu ya roho" atadhani tumehamia kwenye maombi. Kwenye maandishi tuweke moyo. Kitandani, muuguzi aseme roho na aeleweke.

Pampu ya kudumu ina waya unaotoka kupitia ngozi ya tumbo kwenda kwenye kidhibiti kiunoni, na betri mbili zinazovaliwa mabegani au ubavuni. Mfikirie mama wa mtoto wa miezi miwili: kikwembe cha kumbebea mgongoni kinapita juu ya betri, na fundo lake linakaa karibu kabisa na pale waya unapotokea, kidonda ambacho hakitakiwi kuguswa wala kulowana. Betri huchajiwa kila siku, katika mji ambao umeme hukatika bila kuaga. Ni betri za lithiamu. Baadhi ya betri za aina hiyo zina kobalti, na kobalti nyingi hutoka ukanda wa Kolwezi hadi Lubumbashi. Kifaa chenyewe ni makumi ya maelfu ya dola. Mgonjwa wa hapa hutegemea vidonge: furosemidi ya kupunguza maji, dawa za kuupunguzia moyo mzigo, pengine bromokriptini, ambayo hukausha maziwa, hivyo lazima ijulikane mtoto atalishwa nini.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mtafsiri asiliruke. Pampu hizi husukuma damu mfululizo, zikizunguka maelfu ya mara kwa dakika, kwa hiyo kwenye kifundo cha mkono mara nyingi hakuna mapigo, na kipimo cha kawaida cha presha hushindwa kusoma. Muuguzi asiyejua ataanza kumkandamiza kifua mtu aliye hai. Wenye pampu hutembea na kadi. Ya Kiswahili ningeiandika hivi: "Moyo wangu upo, unasaidiwa na pampu. Usitegemee mapigo ya mkono. Weka stetoskopu kifuani usikilize mvumo, kisha angalia betri."