Fuko wa nchi kame aliyewachanganya wataalamu

Asubuhi mapema, pembeni mwa njia za vumbi za Mtito Andei, ardhi hutema mchanga. Ni kichuguu kidogo chenye tundu katikati, na udongo unarushwa nje kwa mateke ya harakaharaka. Mrushaji humwoni.

Ni fuko asiye na manyoya, wa gramu 30 na ushei. Ngozi yake imekunjamana kama kidole kilicholowa, na meno yake ya mbele yametokeza nje ya midomo hata akifumba kinywa, ndiyo maana huchimba nayo bila kumeza udongo.

Jina la kisayansi alipewa mwaka 1842 na Mjerumani Eduard Rüppell, kutokana na mnyama wa Shewa, Ethiopia: Heterocephalus glaber, mwenye kichwa cha namna yake, asiye na nywele. Mwaka 1885 Oldfield Thomas, mtaalamu wa London, alichunguza wengine kutoka Somalia akaona ni spishi nyingine, akawaita phillipsi. Baadaye wakarudishwa kuwa spishi moja.

Lakini hao wote walikuwa maiti za makumbusho, na fuko huyu hajulikani akiwa peke yake. Ilipofika 1981 ndipo Jennifer Jarvis, aliyewafuga mafuko kutoka Kenya, alipoeleza kwamba jike mmoja tu ndiye huzaa, na waliobaki hufanya kazi kama mchwa. Koloni moja huwa na mafuko 70 au 80 hivi. Kubwa hukaribia 300. Kwangu huu ndio ugunduzi wenyewe: miaka 139 ya kupima fuvu haikuwa imeuona.

Mwaka 2014 Bruce Patterson na Nathan Upham walimtenga katika familia yake mwenyewe, kwa kuwa aliachana na mafuko wengine wa Afrika miaka milioni 31 hivi iliyopita. Panya ni jamaa wa mbali. Ndezi na nungu ni wa karibu zaidi.

Makao yake ni Somalia, Ethiopia, Jibuti, na kaskazini na mashariki mwa Kenya hadi Tsavo. Huko ardhi hukauka ikawa kama tofali, na viazi-pori anavyovila vimetawanyika mbalimbali. Achimbaye peke yake hufa njaa kabla hajakifikia kimoja. Kwa hiyo mvua ikilainisha udongo, koloni nzima huchimba kwa zamu. Wakipata kiazi kikubwa, hutafuna nyama ya ndani na kuacha sehemu iliyo hai, nacho huendelea kukua huku wakikila kwa miezi.