Mgomo Mkuu wa Mombasa (1947)
Mgomo Mkuu wa Mombasa ulikuwa mgomo wa wafanyakazi Waafrika ulioanza tarehe 13 Januari 1947 na kudumu siku 12. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli na hoteli, hata watumishi wa majumbani. Mishahara haikukidhi kodi ya nyumba wala bei ya chakula. Sehemu kubwa ya nguvu ya mgomo ilitoka Kiwanja cha Maskini, uwanja wa mpira ambako maelfu walikutana kujadiliana na kuamua pamoja bila kujali kabila wala aina ya kazi. Baadaye mishahara iliongezwa. Mmoja wa viongozi wa wagomaji, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti 1947, akahamishiwa kizuizini Baringo.