Barabara, Njia ya Miguu na Ngata ya Bibi

Hebu tuanze na neno lenyewe. Barabara. Tumelipata kutoka Kiajemi, ambako barabar ni sawa, au kitu kilicholingana na kingine. Ndiyo maana mpaka leo ukimuuliza mtu, "Mambo yameenda?" anaweza kukujibu, "Barabara!" na hakuna lami yoyote anayoizungumzia. Neno moja linabeba njia pana na usawa kwa pamoja. Swali langu ni dogo tu: hizo njia pana zilimletea nani usawa?

Kabla ya barabara kulikuwa na kichwa na bega. Karne ya 19, pembe za ndovu zilitoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo juu ya watu. Ng'ombe na punda walikufa njiani kwa ugonjwa wa mbung'o, hivyo mnyama wa mizigo akawa binadamu. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, achilia mbali mkeka wake na sufuria yake. Wanyamwezi waliifanya kazi hii kuwa fani: ilikuwa na ujira wake, na ilikuwa na migomo yake pia pale posho ilipopunjwa. Njia zenyewe zilikuwa nyembamba, mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Lakini zilipita kijiji hadi kijiji, kwa sababu msafara ulihitaji chakula na maji kila jioni.

Reli ikaja na mantiki nyingine. Ile ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na Reli ya Kati ikafika Kigoma mwaka 1914. Reli haikuwa na haja ya kusimama kila kijiji. Ilichukua mali bara ikaipeleka pwani, na barabara za gari zilizofuata zikachorwa kuilisha: kutoka shamba la mkonge, pamba au kahawa hadi stesheni. Nani alizichimba? Mara nyingi ni wanakijiji wenyewe, wengine kwa lazima. Tanganyika, aliyeshindwa kulipa kodi kwa fedha aliweza kutakiwa kuilipa kwa jasho, na kazi za barabara zilikuwa mojawapo ya njia hizo. Kwa hiyo watu wengi walikutana na barabara kwanza kama adhabu, kabla haijawa huduma.

Na tusidhani reli ilimpumzisha mpagazi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika huku, majeshi yalirudi kulekule kichwani. Waingereza walikusanya mamia ya maelfu ya wabebaji, na hata hesabu ndogo za waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu zinapita 40,000. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukalifinyanga jina hilo, na leo tunakwenda kununua mitumba Kariakoo, Dar es Salaam, au kula nyama choma Kariokor, Nairobi, bila kukumbuka kwamba tunalitaja jeshi la watu waliobebeshwa mizigo.

Uhuru ukaja, na kila mbunge akaahidi barabara. Hapa nataka kuwa mwadilifu, maana yapo yaliyofanyika vizuri. Mwaka 1974 Kenya ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uliochagua jembe, sululu na toroli badala ya kutegemea greda kubwa. Vibarua walikuwa wakulima wa palepale, na walilipwa. Kwa muda wa kama miaka kumi hivi zikachimbwa maelfu ya kilomita. Mkazi mmoja akapewa kipande cha barabara karibu na kwake akitunze: azibue mtaro, afyeke nyasi, azibe shimo likiwa bado dogo. Kwa mtu ambaye baba yake alichimba barabara kwa lazima, kulipwa kwa kazi ileile hakukuwa jambo dogo.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi kinatoka Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kwenye baridi na viazi. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti walikwenda kule na swali ambalo wahandisi walikuwa hawalijali: ndani ya mwaka mmoja, watu wa kaya moja wanakwenda wapi, na wanabeba nini? Jibu liliwaduwaza. Kaya ilitumia zaidi ya saa 2,000 kwa mwaka katika kusafiri na kubeba. Piga hesabu: hiyo ni ajira kamili ya mtu mmoja, saa nane kwa siku, siku 250. Na safari nyingi hazikuelekea mjini kabisa. Zilikuwa za kisimani, za kuni, za shambani, za mashine ya kusaga. Zilipita vijia visivyo kwenye ramani, na kichwa kilichobeba kwa sehemu kubwa kilikuwa cha mwanamke.

Kumbe, basi, unaweza kumletea mama barabara hadi mlangoni na saa zake zisipungue hata robo! Mradi uliofuata Makete ulijaribu mambo yasiyo na utepe wa kukata: kutengeneza vijia na vivuko, kuleta punda, kutumia toroli, kusogeza mashine na maji karibu na watu.

Bibi yangu hakuwa wa Makete, ila nilipokutana na habari hizi nilimwona yeye. Alikuwa akisokota kitambaa cha khanga kuukuu kuwa ngata, anaiweka utosini, anainama, ndoo inapanda. Barabara ya changarawe ilipita hatua chache kutoka nyumbani. Magari ya mazao yaliitumia wakati wa mavuno. Yeye aliivuka tu, mara nne kwa siku, kushuka mtoni na kupanda.

Siku hizi Tanzania ina wakala wake wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, tangu 2017, na bodaboda zinafika kule ambako Land Rover ilikuwa ikigoma. Mjamzito anafikishwa zahanati usiku, hata kama ni kwa kushikilia kiuno cha dereva kwenye utelezi. Nisingetaka turudi nyuma. Ila mvua moja ikiondoka na kalavati, kijiji kizima kinarudi kwenye kile kijia cha zamani, ambacho hakuna aliyekitengea hata shilingi.

Ndiyo maana nikisikia kilomita zikitangazwa, siku hizi nauliza swali la Makete: mama wa hapo amepunguziwa saa ngapi? Likijibiwa vizuri, nami nitajibu kama wazee walivyotufundisha. Barabara.