Mwanakisti na Mfanya Fujo

Kijana mmoja mfasiri, aliyewahi kupita darasani kwangu, aliniletea kurasa kumi za kitabu cha historia ya sheria alichokuwa akikifasiri. Kazi safi. Nilisoma kwa raha mpaka nikafika kwenye sentensi iliyosema kwamba washtakiwa watatu "walikiri mbele ya mahakama kuwa wao ni wafanya fujo, na kwamba hawaiamini serikali ya aina yoyote." Nikacheka. Mfanya fujo gani huyo anayesimama kizimbani na kujitaja hivyo bila haya, kama mtu anayetaja dini yake?

"Mwalimu, ndivyo nilivyozoea kulisikia," akajitetea.

Sikumlaumu. Neno lililomhangaisha, "anarchist" la Kiingereza, limezaliwa Ugiriki: "an", yaani bila, na "arkhos", yaani mtawala. Bila mtawala, basi. Neno lenyewe halikusema kama kukosa mtawala ni balaa au ni neema. Wenye kutawala ndio waliotangulia kusema ni balaa, na kwa muda mrefu lugha za Ulaya zikalitumia kama tusi. Mwaka 1840 Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon, aliyekuwa mpiga chapa kwa kazi yake, akaliokota tusi hilo akalivaa: katika kitabu chake kuhusu mali alitangaza kwamba yeye ni mmoja wa hao. Tangu hapo neno moja limebeba maana mbili zisizopatana: hali ya vurugu, na itikadi ya watu wanaodai kwamba binadamu wanaweza kupanga maisha yao kwa hiari na ushirikiano, pasipo dola juu ya vichwa vyao. Kiswahili kiliipokea maana ya kwanza na kuipa majina tele: fujo, ghasia, vurugu, machafuko. Ya pili haikupewa chumba. Mpaka leo inalala kwa jirani.

Tuwatazame basi hao "wafanya fujo" wa kijana wangu.

Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia Aprili 1917. Mwezi uliofuata Emma Goldman na Alexander Berkman, watu wa itikadi hiyo hiyo, walianzisha jumuiya ya kupinga vijana kuandikishwa jeshini kwa lazima, wakahutubia mikutano ya hadhara. Juni wakakamatwa; Julai wakahukumiwa kifungo cha miaka 2 na faini ya dola 10,000 kila mmoja. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya ujasusi, na Mei 1918 ikakazwa hata kuitukana serikali au sare ya jeshi kukawa jinai. Waliokuja nyuma ya Goldman wakaelewa: aliyepinga vita mchana kweupe hakumaliza hata miezi miwili.

Kikundi ninachokizungumzia kilikuwa New York. Walikuwa Wayahudi vijana waliozaliwa katika himaya ya Urusi, watu wa kazi za mikono. Jacob Abrams alikuwa mjalidi wa vitabu, Hyman Lachowsky mpiga chapa, Samuel Lipman fundi wa manyoya, na Mollie Steimer, binti wa miaka 20, mfanyakazi wa kiwanda cha mablauzi. Walikutana katika nyumba ya kupanga mtaa wa 104 huko Harlem, wakatoa gazeti dogo la Kiyidi lililoitwa Frayhayt, yaani Uhuru. Halikuuzwa vibandani. Lilikunjwakunjwa likawa dogo, kisha usiku likatiwa katika masanduku ya barua ya watu.

Kiangazi cha 1918 Rais Woodrow Wilson alipeleka askari Urusi, nchi ambayo wafalme wake walikuwa wamekwisha kuangushwa. Abrams akanunua mashine ya kuchapia na kuifunga katika chumba cha chini ya nyumba; kazi ikafanyika usiku. Lipman aliandika tamko la Kiingereza, na mwenzao Jacob Schwartz la Kiyidi. Yote mawili yalipinga uvamizi huo, na la Kiyidi liliwaambia wafanyakazi wa viwanda vya silaha kwamba risasi wanazotengeneza zitawaua ndugu zao, basi wagome. Nakala 5,000 zilichapwa. Steimer alisambaza sehemu kubwa, na mwenzao mmoja, Hyman Rosansky, alizirusha dirishani katika jengo alilofanyia kazi.

Hapa nasimama kidogo kukisifu Kiswahili. Sisi karatasi za namna hiyo tunaziita vipeperushi, na sijui lugha nyingine yenye jina linalotoshea kisa hiki vizuri zaidi. Zilipeperushwa kweli, upepo wa Agosti ukazishusha hadi barabarani, wapita njia wakaziokota, wakawapelekea polisi. Rosansky alikuwa wa kwanza kukamatwa, na kupitia kwake wengine wakapatikana.

Kesi ilisikilizwa Oktoba 1918. Schwartz alifariki kabla haijaanza; wenzake waliamini kipigo cha polisi ndicho kilichomuua. Abrams, Lipman na Lachowsky walipewa miaka 20 kila mmoja, Steimer miaka 15, Rosansky miaka 3. Kwa karatasi. Novemba 1919 Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha hukumu kwa majaji 7 dhidi ya 2. Jaji Oliver Wendell Holmes, akiungwa mkono na Louis Brandeis, alipinga: kwa maoni yake karatasi za kipuuzi zilizochapwa kwa siri na watu wasiojulikana hazikuwa hatari ya papo hapo kwa nchi, na watu wanyonge walikuwa wakiadhibiwa kwa ajili ya imani yao. Leo wanafunzi wa sheria husoma upinzani huo wa Holmes kuliko hukumu yenyewe.

Sasa turudi kwenye sentensi ya kijana wangu, maana inatoka humo humo. Hukumu ya walio wengi inaeleza kwamba washtakiwa wanne walijitetea kwa ushahidi wao wenyewe. Watatu walisema waziwazi kwamba ni waasi, ni wanamapinduzi, ni hilo neno letu lisilo na chumba. Wa nne alisema yeye ni msoshalisti, na kwamba anaamini serikali ilimradi iwe ya namna inayofaa. Unaona? Hata majaji waliowatia hatiani walijua kutofautisha. Mfasiri akiandika "wafanya fujo", anaufuta mpaka ambao hata mahakama yenyewe iliuheshimu. Na hawa watu, ukiwatazama, walikuwa na mpangilio kuliko kamati nyingi za harusi nilizokaa mimi: mmoja anunue mashine, mmoja aandike, mmoja agawe. Fujo ilikuwa wapi?

Kosa lao kisheria, kwa msamiati wa mahakama zetu, lingeitwa uchochezi. Neno zuri, tena lina siri yake. Huwezi kuchochea jiko lisilo na moto. Anayemshtaki mtu kwa uchochezi anakubali, bila kutaka, kwamba moto ulikuwapo kabla ya huyo mchochezi kufika na kuni zake.

Kijana wangu alikuwa na kosa la pili, dogo. Aliandika "upinzani wa chini ya ardhi". Chini ya ardhi kuna wachimba madini, mabomba ya maji na mihogo. Anayeipinga serikali kwa kujificha yuko juu ya ardhi kama mimi na wewe, anapanda basi lile lile na kusalimiana na jirani yule yule. Kiswahili kina usemi wake wa siku nyingi: chini kwa chini. Tunasema siasa za chini kwa chini, kampeni za chini kwa chini. Kenya, waliotoa gazeti la Pambana mwaka 1982, na baadaye wale wa kundi la Mwakenya, walifanya kazi chini kwa chini, na wako waliofungwa kwa kukutwa na maandishi tu. Hao hawakuwa wa itikadi ya Abrams, kwa kuwa walitaka serikali nyingine, si kutokuwa na serikali. Njia ndiyo iliyofanana. Aliyekwenda msituni ni mwingine tena, huyo amebeba silaha. Katika kisa cha New York ilitokea tu kwamba mashine nayo ilikuwa chini ya nyumba, kwa hiyo kwa mara moja fasiri ya kijana ingeweza kupona kwa bahati.

Jina la itikadi yenyewe je? Alipendekeza "utovu wa serikali". Nikamwambia neno utovu limekwisha kuhukumu: utovu wa nidhamu, utovu wa adabu, utovu wa usalama. Hakuna anayejivunia utovu wa kitu.

Akafikiri, akaja na "ukanadola", kwa kufuata ukanamungu. Hilo lilinifurahisha, na nilikaa nalo siku mbili. Linatumia dola badala ya serikali, na hapo alikuwa sahihi: watu hawa hawapingi baraza fulani la mawaziri, wanapinga dola nzima pamoja na jeshi lake, jela zake na mipaka yake. Lakini kukana ni kusema kitu hakipo au hukijui. Mkanamungu anasema Mungu hayupo. Mollie Steimer hakusema dola haipo. Dola ilimhukumu kifungo cha miaka 15, angeikana vipi? Yeye aliikataa. Halafu kuna balaa la pili: mitaani kwetu dola ni noti ya Kimarekani. Mtu akisikia mkanadola atadhani ni mwenye duka asiyepokea fedha za kigeni. Goldman mwenyewe alikataa dola ya kwanza, akatozwa 10,000 za dola ya pili.

Wajapani walilitatua jambo hili kwa kuunga maneno yao: museifushugi, yaani itikadi ya kutokuwa na serikali. Halina tusi wala sifa. Wakati huo huo halikuwasaidia waliolichukua. Kotoku Shusui, mwandishi aliyeacha kazi katika gazeti mwaka 1903 lilipogeuka kuunga mkono vita dhidi ya Urusi, alikuja kuwa mtu wa itikadi hiyo, na Januari 1911 akanyongwa kwa tuhuma za njama dhidi ya mfalme. Jina zuri halikumwokoa.

Mimi nimeamua tutohoe. Tena si kwa uvivu. Sikiliza jinsi neno linavyoingia kwenye ngeli zetu bila kusukumwa: mwanakisti, wanakisti, uanakisti. Ni njia ile ile ya mwalimu, walimu, ualimu. Herufi ya r inadondoka kama ilivyodondoka tulipojifunza kupaki gari, na mwisho unafanana na mkomunisti na mfashisti, kwa hiyo msomaji anajua mara moja kwamba anasoma habari za itikadi. Kwanza nilifikiria "mwanakia", nikaliacha. Watu wa Arusha na Moshi wangedhani ni mfanyakazi wa uwanja wa ndege. Atakayelalamika kwamba uanakisti ni mgeni, nitamkumbusha kwamba serikali nalo lilitoka Uajemi na dola likatoka Uarabuni. Mgeni mmoja zaidi hataubomoa mji.

Jina hili lina faida nyingine: linaacha nafasi ya watu wa itikadi moja kutofautiana, jambo ambalo "fujo" hailiruhusu. Mwaka 1916 Peter Kropotkin, mwanakisti aliyeheshimiwa kuliko wote, alitia saini tamko la kuunga mkono Ufaransa na washirika wake dhidi ya Ujerumani. Mwitalia Errico Malatesta, rafiki yake wa miaka mingi, akampinga hadharani. Nani kati yao alikuwa mfanya fujo? Na tangu 2022 kuna vikundi vya wanakisti nchini Urusi vinavyodai kuhujumu reli zinazopeleka vifaa vya vita Ukraine. Hiyo ni hujuma, na iitwe hujuma. Kwa Mtanzania aliyeishi mwaka wa wahujumu uchumi, 1983, neno hilo bado lina uzito wake. Lakini anayelegeza reli na anayekunja gazeti usiku hawafanyi tendo moja, hata wakiwa na itikadi moja. Mwandishi aliye na maneno mawili ataweza kusema hivyo. Aliye na "fujo" peke yake hataweza.

Mwisho wa kina Abrams ndio ulionithibitishia kwamba itikadi yao haikuwa jina la kubandikwa tu. Novemba 1921 walifukuzwa Marekani wakapelekwa Urusi ya Kisovieti, nchi ile ile waliyofungwa kwa kuitetea. Steimer akaanza kuwasaidia wanakisti waliokuwa katika jela za Wabolsheviki. Akakamatwa, na mwaka 1923 akafukuzwa huko nako. Lipman aliuawa katika msako wa Stalin. Lachowsky alirudi Minsk, na Wanazi walipouteka mji huo hakusikika tena. Abrams alifia Mexico mwaka 1953, na Steimer huko huko, mjini Cuernavaca, mwaka 1980.

Kijana amesharekebisha ukurasa wake. Amebakiwa na swali moja ambalo limenishinda: kile chumba cha chini ya nyumba alichofunga mashine Abrams, tukiite nini kwa neno moja ambalo msomaji wa Tanga na wa Mombasa watalielewa bila kuulizana? Mwenye neno atuletee.