UZI: Gemu za watu wazima, nani ana rungu?

Hapa Bondeni mjadala wa maadili huishia "serikali ifunge". Ngojeni kwanza. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ni ya 1962, hata uhuru hatujapata. Iliwalenga watu wa sinema, wenye mlango na leseni. Steam haina mlango Mombasa.

Julai 2025 Steam ikaondoa gemu nyingi za ngono, itch.io ikazificha zake. Bunge gani liliamua? Hakuna. Steam yenyewe ilitaja masharti ya kampuni za malipo, ambazo wanaharakati wa Australia walikuwa wamezishinikiza.

Gemu hizo sizitetei, ati. Nauliza tu rufaa unapeleka wapi. Filamu ya Rafiki ilipopigwa marufuku 2018, Mahakama Kuu iliiruhusu siku 7.