Winda, Nepi na Pampasi: Maana ya Maneno katika Madai ya Hataza

Hataza ni haki ya muda anayopewa mvumbuzi ili azuie wengine kuutumia uvumbuzi wake bila idhini. Mipaka ya haki hiyo huwekwa kwa maneno, nayo huitwa madai. Hivyo suala la maana, ambalo kwa desturi ni la wanaisimu, huwa pia suala la mali. Historia ya mavazi ya watoto ya kufyonza mkojo yadhihirisha jambo hilo.

Kiswahili kilikuwa na winda, au ubinda, yaani nguo ipitishwayo baina ya mapaja na kufungwa kiunoni. Jina hilo lilitaja namna ya kuvaa. Kufua na kutumia tena hakukuhitaji kutajwa. Baadaye likaja nepi kutoka Kiingereza. Kisha Pampers, bidhaa iliyozinduliwa Marekani mwaka 1961, ikazaa nomino ya kawaida: pampasi. Dukani Yamumbi, kiungani mwa Eldoret, aombaye pampasi aghalabu hutaka nepi yoyote ya kutupwa, iwe ya kampuni yoyote.

Sokoni upanuzi huo wa maana hauna madhara. Katika hataza, hata hivyo, tofauti ya pindo moja yaweza kuangusha kampuni. Mwaka 1997 mahakama ya Delaware, Marekani, iliamua kwamba Paragon Trade Brands ilikuwa imekiuka hataza za Procter & Gamble zihusuzo pindo za ndani zizuiazo uvujaji miguuni. Fidia ilikuwa takriban dola milioni 178, na mapema mwaka 1998 Paragon iliomba hifadhi ya sheria ya ufilisi.

Nchini Kenya, hadi ilipotungwa Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 1989, hataza ilipatikana kwa kusajili ile iliyokwisha kutolewa Uingereza. Mbinu za kufasiri nazo zilitoka huko. Katika kesi ya Catnic, iliyoamuliwa mwaka 1980, dai lilitaja bamba la chuma lililosimama wima, ilhali la mshindani liliinama kwa nyuzi chache. Majaji walishikilia kwamba neno lisomwe kama mjuzi wa kazi hiyo angelielewa, wala si kwa kipimo cha fundi wa jometri; mshindani akashindwa.

Sheria ya mwaka 2001, iliyochukua nafasi ya ile ya 1989, nayo ilitungwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini hadhi haiundi istilahi. Kunyonya hukumbusha kinywa. Kufyonza huashiria kuvuta. Kusharabu ni kuingiwa na maji taratibu. Mfasiri akichagua moja, amekwisha kusogeza mpaka. Kadhalika, “ya kutupwa” yaweza kumaanisha kilichoundwa kitumike mara moja, au kisichofaa kitu.

Fundi cherehani anayeshona winda la kitambaa lenye kifyonzi cha kubadilishwa ana haja ya kujua kama kazi yake imo ndani ya dai la mwingine. Je, vazi hilo ni la kutupwa, iwapo kinachotupwa ni kifyonzi peke yake? Istilahi itakayomjibu haitapimwa kwa uzuri wa sauti wala kwa usafi wa asili yake, bali kwa uwezo wake wa kumwonyesha mpaka kabla hajauvuka.